Jina la Tano

Walimkuta Mughwai amechuchumaa kando ya jenereta, anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Alipoona watu wanatoka ghalani kwa pamoja alidhani mkutano umekwisha. Akasimama akauliza, "Nilizime?" Gasto, aliyekuwa akimwita kaka kila siku ya Mungu, akamjibu kwa ngumi ya mdomo.

Mughwai hakuanguka, na hilo ndilo lililowaudhi. Mtu akianguka mapema huenda akaonewa huruma. Yeye alibaki wima, akatema jino kiganjani, akalitazama kana kwamba ni nati iliyochomoka mahali na anajiuliza ni mahali gani. Mtu akamvuta shati kwa nyuma. Mwingine akampiga teke la goti, na hapo akaenda chini, na kuanzia hapo haikujulikana tena mguu wa nani ulikuwa unaingia wapi. Kuna aliyekimbilia ule mkanda mpana wa kuzungushia kinu, akarudi nao, na mkanda ukaanza kulia mgongoni kwa mtu aliyekuwa akiutunza kwa mikono yake miaka minne.

Damari alikuwa mlangoni pa ghala, mkono umeshika mwimo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane wa Noel, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Alijua kwa nini Mughwai anapigwa, maana sababu ilikuwa bado inang'aa ukutani nyuma yake, mistari saba, kila mmoja na jina la Mughwai, na hakuna hata mmoja wenye jina la aliyeuandika. Mstari wa tano ulikuwa wake.

Ili uelewe jinsi mama wa watu alivyofika hapo, turudi nyuma kidogo.

Ushirika wa zamani ulipokufa na soko likawa huria, wafanyabiashara walianza kupanda hadi kijiji cha Mungaa na malori yao kununua alizeti. Walikuja na bei zao, na mkulima asiyekubali alibaki na magunia yake na panya wake. Kaya thelathini na nane zikaona huo ni ujinga. Wakaungana, wakanunua injini na kinu cha kukamua mafuta, wakaviweka katika ghala la zamani la ushirika. Mafuta wakauza wenyewe, mashudu wakalisha ng'ombe. Mughwai, aliyekuwa fundi wa matrekta enzi za ushirika, ndiye akawa mwendesha mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya ukali. Ukifika na alizeti yenye mchanga, anakurudishia mbele ya watu.

Damari naye ushirika ulimwacha mikono mitupu. Miaka kumi na miwili alikuwa amekaa katika ofisi ya mjini Singida akipiga chapa, halafu siku moja wakaambiwa wamepunguzwa, kila mtu aende kwao. Alirudi na taipureta kuukuu, akaiweka barazani. Watu walimletea maombi ya kazi, kadi za harusi, malalamiko ya mashamba. Alikuwa na neno moja ambalo kila mteja alilijua. Ukishamaliza kumweleza, kabla hajagusa herufi, anakuuliza, "Chini niandike jina gani?" Ukimwambia aache wazi, anachomoa karatasi. Walikuja wengi na barua za chuki, kwa diwani, kwa paroko, kwa mume wa mtu. Wote aliwarudisha na karatasi zao. "Mdomo usio na mwenyewe siupigii chapa," alikuwa akisema. Kwa hiyo ajabu ya jambo hili inazidi.

Mwaka huo wa 2003, mwezi wa tano, alizeti imeshavunwa na magunia yamefika hadi dari, pampu ya dizeli ya ile injini ilitoweka. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili, moja kwa Mughwai, moja kwa Laurian, katibu wa kikundi. Laurian alikuwa mtu wa kupendwa. Mgonjwa akizidiwa, ni pikipiki ya Laurian itakayompeleka hospitali. Kwamba upande wa pili alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa mjini, na kwamba mashine ikisimama magunia yanaishia uani kwake, kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Nani amwambie? Mtu aliyembeba mama yako akiwa hoi humtazami usoni ukamuuliza habari ya pampu.

Katikati ya mashaka hayo ndipo akaja Sixbert. Kijana msafi, miwani, kiatu cha kuchongoka, ametumwa na mradi mmoja wenye ofisi zake Dodoma. Alikuja na gari, jenereta na kompyuta nane. Akaeleza kwamba mikutano ya vijijini haizai kitu kwa sababu watu wanaogopana. Mwanamke anamwogopa mwanamume, kijana anamwogopa mzee, maskini anamwogopa mwenye pikipiki. Dawa ni hii: wajumbe wanane watakaa kila mmoja mbele ya kompyuta yake, katikati yao maboksi ili wasichunguliane. Kila mmoja ataandika la moyoni, na maneno yatatokea ukutani, makubwa, watu wote wasome. Jina halitaonekana.

"Hata mimi sitajua ni nani," alisema Sixbert kwa fahari. "Kompyuta yenyewe haitajua."

Damari ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha wale wanane kutafuta herufi, naye akiwa mmoja wao. Wiki mbili alisimama nyuma ya migongo yao. Luciana, mkulima wa makamo, shoga yake wa kanisani, alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu uji kama umepoa. Gasto aligonga kila herufi kana kwamba anapigilia msumari wa paa. Laurian alitumia vidole viwili, na kila akitaka kuachia nafasi alibonyeza kile kitufe kirefu kwa ubavu wa mkono wa kushoto, pete yake ya ndoa ikagonga pembeni, kach. Damari alimkanya mara tatu, akaacha. Mkono wa mtu mzima haubadiliki.

Sasa kuna jambo ambalo Sixbert hakulijua, na angelijuaje, mtu wa kwao Bukoba.

Pale kijijini, ng'ombe wakiibwa na mwizi asijulikane, ilikuwapo kura ya siri. Watu wanaitwa uwanjani, kila mmoja anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anatumbukiza kwenye debe. Debe linamwagwa, majina yanasomwa. Jina likifika tano, mwenye jina anachukuliwa. Hakuna anayemuuliza kitu kwanza, maswali huja baada ya viboko. Mwaka wa tisini na sita walichukuliwa watatu, mmoja akarudi bila jicho. Watu waliiogopa kura hiyo, na waliiamini. Walisema mtu mmoja anaweza kusingizia, wawili wanaweza kupanga, lakini watano hawawezi kuota ndoto moja.

Siku yenyewe ghala lilifungwa madirisha ili ukuta usomeke, ingawa nje jua la saa nane lilikuwa linachoma. Wanachama walijaa kwenye mabenchi na juu ya magunia. Sixbert akaandika swali: Nini kinachokwamisha kikundi chetu?

Mwanzoni ilikuwa raha. Ukuta ukasema: Katibu anaongea mno. Watu wakacheka, Laurian akacheka kuliko wote. Ukuta ukasema: Wanaume wanakunywa mapato ya mafuta. Wanawake wakapiga makofi. Ukuta ukasema: Dizeli. Ukasema: Mwenyekiti anasinzia. Mwenyekiti akazinduka, watu wakashika mbavu. Damari mwenyewe alihisi kitu ambacho hakukihisi tangu azikwe Noel. Wanawake wa pale walikuwa wakimwita mama karatasi, na kwenye kulimiana hawakumwalika. Leo maneno yake yalikuwa ukutani pamoja na yao na hakuna aliyejua kuyabagua.

Halafu ukuta ukasema: Pampu iko wapi?

Kicheko kikakatika. Ukuta ukasema: Tupige kura.

"Vizuri sana," alisema Sixbert, akipiga makofi peke yake. "Kura ni demokrasia. Endeleeni, msiogope."

Yeye aliona watu wametulia akadhani wanafikiri. Hakuona wanaume wakivua kofia. Hakuona akina mama wakivuta watoto karibu.

Ni Mughwai, ukuta ukasema.

Ikapita kama dakika. Hata mimi naona ni Mughwai. Halafu: Ufunguo anao Mughwai. Mabenchi yakaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Nje jenereta lilikuwa likinguruma nyuma ya ghala, na aliyekuwa akilimiminia mafuta ili ukuta uendelee kuwaka alikuwa Mughwai mwenyewe.

Sisi sote tunajua ni Mughwai.

"Nne," mabenchi yakasema.

Damari alilisoma lile neno, sisi sote, na akatamani kuwa ndani yake. Ndiyo hivyo, nisimpambe. Alikumbuka pia mwaka uliopita, Mughwai alivyomweka siku mbili juani na magunia yake matatu huku waliomkuta wakikamuliwa. Alikumbuka alizeti yake iliyolala pale ghalani, inaanza kunuka. Kumshuku hakumshuku zaidi ya mtu mwingine. Lakini manne yalikuwapo tayari, na la kwake lingekuwa mojawapo tu, na hakuna atakayemuuliza chini aandike jina gani. Vidole vyake kumi vikaenda vyenyewe bila kutazama, kama vilivyofanya miaka yote. Ni Mughwai.

"Tano," mabenchi yakasema, na safari hii hawakulisema kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo ya sita, ya saba. Ya nane haikungojwa. Mlango ukasukumwa na mwanga ukaingia.

Basi ndivyo alivyofika pale mlangoni, mkono kwenye mwimo, akitazama.

Sixbert alikuwa wa kwanza kujaribu. Alijitosa katikati akisema, "Jamani, jamani, haya yalikuwa maoni tu," na kiwiko cha mtu kikamkuta puani. Akakaa chini vumbini na damu ikimchuruzika kwenye shati jeupe. Miwani yake ilikanyagwa na mtu ambaye hata hakujua amekanyaga kitu. Mughwai alikuwa amejikunja, mikono kichwani. Wakamkunjua. Mtu akasema, "Mkono ndio ulioiba," na sauti nyingine ikasema, "Mkono," na mkono wa kulia ukavutwa ukawekwa juu ya jiwe la kuegeshea injini. Spana kubwa ya Mughwai mwenyewe ikashuka. Ikashuka tena. Mughwai ambaye hakuwa amelia mpaka hapo alitoa sauti ambayo Damari hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Kijiji kimesema," aliguna mtu karibu naye.

Hapo ndipo masikio yalipomrudia. Mpiga chapa mzee hujua kosa lilipo kabla hajaliona, maana amelisikia, na sauti hukaa sikioni hata kama mwenyewe hakuitilia maanani. Akausikia upya mkutano wote. Ule mstari wa kwanza, kach. Wa pili, kach, kach, kach, kach. Wa tatu. Wa nne. Pete ileile, ubavu uleule wa mkono, mistari yote minne. Kidole cha Luciana hakikuwamo, wala misumari ya Gasto. Kwenye debe kila mtu alikuwa na karatasi yake moja, lakini ukutani mtu angeweza kuandika mpaka achoke. Alipotia la kwake akidhani anaungana na wanne, alikuwa anaungana na mtu mmoja. Tano haikuwapo. Yeye ndiye aliyeileta.

Alipiga kelele, hakusikika. Kelele za watu na ngurumo ya jenereta vilikuwa kitu kimoja. Akazunguka nyuma ya kundi, akapita juu ya miguu ya Sixbert, akafika kwenye jenereta na kulizima.

Ukimya ulioingia uliwashtua. Kumbe ngurumo ile ilikuwa inawafichia mengi. Sasa ilisikika sauti ya mkanda ukitua kwenye nyama, mara moja, halafu mtu mzima akikoroma kwa kutafuta pumzi. Kila mmoja alisikia na kila mmoja akajua mwenzake amesikia.

"Jina la tano ni langu," alisema Damari.

Gasto aligeuka, mkanda mkononi, jasho linamtiririka. "Unasemaje mama?"

"Pale ukutani. Jina la tano nimeliandika mimi, Damari, mke wa marehemu Noel. Mughwai sikumwona akiiba. Sikuambiwa na mtu. Nimeandika kwa sababu niliona yako manne." Akawageukia wote. "Sasa aliyeyaandika yale manne aje atuambie alimwona wapi."

Kisha Luciana akashika kanga yake mdomoni na kuanza kulia.

"La sita mimi," alisema. "Nisameheni. Nilijua yakifika matano basi ni kweli."

Gasto aliutazama mkanda. "La saba langu," alisema mwishowe.

"Na wewe uliona nini?" Damari alimuuliza.

"Niliona sita," alisema Gasto.

Walibaki wajumbe watano. Wakajisemea mmoja mmoja bila kuulizwa, maana sasa kukaa kimya kulikuwa kunaunguza. Mwenyekiti akasema yeye aliandika habari za dizeli tu, naapa kwa Mungu. Wa pili akasema yeye aliuliza pampu iko wapi. Wa tatu kwa hasira akasema yeye ndiye aliyeandika tupige kura, lakini jina hakutaja. Wa nne akasema aliandika la mwenyekiti kusinzia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Akabaki Laurian. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki yake, mkono wa kushoto mfukoni.

"Kura ni siri," alisema. "Kama mnaanza kuulizana, basi hiyo siyo kura."

Vichwa vikageuka. Damari aliona jinsi vilivyogeuka vyote kwa pamoja, na akaogopa kuliko alivyoogopa mwanzo. Walikuwa walewale. Gasto alikuwa anauzungusha mkanda kwenye ngumi yake upya.

"Mama, wewe ndiye uliyewafundisha," alisema Gasto. "Unajua mkono wa kila mtu. Tutajie tu. Jina moja."

Jina lilikuwa mdomoni. Angelitaja tu, na lile jiwe lingepata mkono mwingine. Moyo wake ulitaka hivyo, wala asingesingizia mtu.

Aliingia ghalani akatoka na daftari lake la kufundishia na kalamu. Akakaa juu ya gunia la alizeti mbele yao, kati ya watu na Laurian.

"Nitasema," alisema. "Nitasema polisi, yeye akiwapo, na nitatia sahihi. Hapa sisemi. Lakini anayetaka kumpiga mtu, simkatazi. Aje hapa kwanza nimwandike. Jina lake, na la baba yake, na anapiga kwa sababu aliona nini. Halafu aende akapige. Haya, nani wa kwanza?"

Alifungua daftari, akaweka kalamu kwenye mstari. Alisubiri hivyo kama alivyozoea kumsubiri mteja barazani.

Hakuna aliyekuja. Mtu wa mbele alirudi hatua moja nyuma, na wa nyuma yake akarudi mbili. Jiwe lilitoka huko, kubwa la kujaa kiganja, likampata Damari juu ya jicho, na daftari likajaa damu. Hakuliachia.

"Hata huyu aje nimwandike," alisema, jicho moja limeziba.

Mpaka leo haijulikani ni nani aliyelirusha. Watu walianza kuondoka, si kwa pamoja kama walivyotoka ghalani, bali mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, kana kwamba hawakuja pamoja. Laurian aliwasha pikipiki kwa mateke manne. Gasto alitupa mkanda chini, akaenda kwake, na Damari akadhani naye amekimbia. Lakini alirudi na ng'ombe wawili na mkokoteni, akamnyanyua Mughwai kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyelala, akasukuma mashudu chini ya kichwa chake. Njia nzima mpaka zahanati alitembea kando ya gurudumu akiongea naye Kinyaturu, na Mughwai hakumjibu.

Damari alipiga chapa maelezo yake asubuhi iliyofuata, kurasa mbili, jicho limefumba. Aliandika la kwake kwanza, kisha la pete. Chini akaandika jina lake kamili. Polisi walimchukua Laurian siku mbili, wakamwachia. Walisema mlio wa pete si ushahidi. Sixbert aliitwa, akaja na kompyuta, na maneno yote yalikuwamo, mistari saba, lakini hakuna aliyeweza kusema upi ulitoka wapi. Ndivyo zilivyotengenezwa. Laurian alihamia Itigi na familia yake. Pampu haikuonekana. Ghalani kule ukuta ulikuwa mweupe tu, hauna hata alama.

Wanachama walichangishana mbuzi, ikanunuliwa pampu nyingine, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuifunga ila Mughwai. Alirudi mvua zilipoanza. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu visivyokunjika, na viwili havikuwapo. Alifungua nati kwa kushoto, pole pole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kwenye pengo la jino.

Watu walipita na kumsalimu. Wale waliomkanyaga, wale waliomvuta mkono, aliyeshika spana, wote walisema "Shikamoo kaka," naye akawaitikia wote, "Marahaba." Angefanyaje? Hakujua ni akina nani. Watatu tu hakuwaitikia, Luciana, Gasto na Damari, maana hao alikuwa na majina yao.

Luciana aliacha kuja, akawa anamtuma mwanawe Hana na magunia. Gasto alikuwa akisalimu huku amekwisha kupita, ili asisikie kunyamaziwa. Damari alikwenda kila asubuhi. Siku nyingine hakuwa hata na gunia. Alisimama mlangoni pale pale, kovu juu ya jicho, akasema, "Shikamoo kaka Mughwai," na Mughwai akaendelea kumimina alizeti kwenye kinu. Naye akageuka akarudi kwenye taipureta yake. Watu walimwambia, mama, achana naye, umeshafanya lako. Hakuachana naye. Iliuma kila siku, na kila siku ilikuwa mpya.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kukamua. Mashine ilikuwa imeshika kasi, mafuta yanashuka kwenye ndoo, mkanda ule ule unazunguka. Damari akafika mlangoni na kusema kama kawaida, na ngurumo ikaimeza salamu nzima asijue hata mwenyewe kama ameitoa. Akageuka kuondoka.

Nyuma yake injini ikakohoa, ikapunguza kasi, ikazima. Mkanda ukazunguka kidogo ukasimama. Alipogeuka, Mughwai alikuwa ameinama, mkono wa kushoto bado uko kwenye injini, hamtazami, anatazama tone la mwisho la mafuta likining'inia kwenye mdomo wa kinu.

"Sikukusikia," alisema.

Damari akaanza salamu upya.